Propela ya Mbele

Mteja hataki gari zima, anataka gari lisilopiga kelele. Hilo nililijua mapema nikaligeuza ufundi. Ndiyo maana shemeji yangu, dereva wa zahanati na mume wa dada yangu, aliponiletea gari la wagonjwa linalogonga chini kila akikanyaga mafuta, sikuhangaika. Nililala chini yake, nikaitikisa propela ya mbele, ule mhimili mrefu wa chuma unaozungusha matairi, nikakuta krosi, kiungo chake, imelika. Madukani krosi hakuna. Basi nikaifungua propela nzima, nikaiegemeza kwenye ukuta wa gereji yangu.

Gari la fowili, linalovuta kwa matairi yote manne, lina propela mbili. Nguvu ya injini huingia kwenye gia boksi ndogo na kugawanywa: propela moja huipeleka nyuma, nyingine mbele. Ukiondoa ya mbele, kwenye barabara kavu gari linatembea kama kawaida, tena kimya. Ni mafundi wangapi wanafanya hivyo? Wote, na anayebisha ni mwongo.

"Imepona?" shemeji aliuliza.

"Washa usikie mwenyewe."

Akawasha, akazunguka uwanja, akacheka. "Wewe si fundi, wewe mchawi!"

Kichwa kikanivimba. Nikajisemea nitamwambia kesho kwamba propela nimeitoa. Kesho ikazaa kesho.

Wiki ya tatu mvua ikashuka. Saa nne asubuhi simu ikalia, na nyuma ya sauti ya shemeji nikamsikia dada yangu akipiga mayowe ya uchungu. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, zahanati imewaandikia waende hospitali kubwa.

"Shemeji, tumekwama kwenye tope. Nimeingiza fowili, taa imewaka, lakini matairi ya mbele hayavuti hata kidogo! Nifanyeje?"

Taa ile huwashwa na gia boksi ndogo. Gia ikiingia, inawaka. Haina habari kama propela ipo au haipo. Mimi nilikuwa nayo habari. Nilikuwa naitazama propela pale ukutani, imeshika vumbi.

"Punguza upepo wa matairi," nikasema. "Tandika matawi chini ya matairi ya nyuma."

"Ya nyuma tu?"

"Ya nyuma."

Trekta liliwavuta saa nane mchana. Mtoto alitoka hakulia. Dada yangu, aliyenifuata ziwa kwa mama yetu, damu ilimwishia kabla jua halijazama.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Waongo. Kifo kilikuja, mimi sikuumbuka. Asubuhi ya mazishi, watu wakiwa msibani, nilikwenda zahanati na propela ndani ya gunia, nikaifunga na krosi yake ileile mbovu. Nilikuwa nakaza boliti ya mwisho nilipoona viatu vya shemeji kando ya tairi.

Nikatoka chini ya gari. Hakuuliza nafanya nini hapo siku kama ile. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Afadhali umekuja kuliangalia," alisema. "Niambie ukweli, shemeji. Nilikosea wapi?"

Nikafuta mikono kwa kitambaa.

"Labda hukuisukuma gia mpaka mwisho."

"Nilikuwa na haraka," akasema. "Alikuwa analia sana."

Kisha akapiga magoti kwenye udongo, akanishika miguu.

"Nisamehe, shemeji. Nimemuua dada yako."