Kasimiri Alipofunga Utani

Jumatatu, tarehe 9 Machi 1953. Asubuhi hiyo mvua ya rasharasha ilinyesha Temeke tangu alfajiri, kisha jua likachomoza ghafla, na mapaa ya makuti yakaanza kufuka mvuke kana kwamba kila nyumba inapika.

Kasimiri alikuwa akiikokota baiskeli yake katika matope, anatoka lindoni. Alikuwa mlinzi wa ghala bandarini. Kwenye usukani alikuwa amening'iniza machungwa sita, na moyoni alikuwa na mzigo uliozidi machungwa kwa uzito. Hiyo ilikuwa siku ya ishirini tangu alipoacha kumtukana Polikarpo.

Tuelewane hapa mapema, msomaji asije akamfikiria vibaya. Kasimiri ni Mngoni na Polikarpo ni Mmwera, na makabila hayo mawili ni watani. Mababu walipigana vita, wajukuu wakarithi ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana, pamoja na wajibu wa kuuguzana na kuzikana. Siku ya kwanza walipokutana bandarini, miaka kumi iliyopita, Polikarpo alikuwa kuli, amejitwika gunia la mchele. Kasimiri alimwambia, "Wewe mtumwa wangu, shusha hilo gunia unibebe mimi." Polikarpo alilishusha gunia kweli, juu ya mguu wa Kasimiri. Tangu siku hiyo hawakuachana.

Sasa Polikarpo alikuwa anakufa. Uvimbe ulikuwa umemwota tumboni, upande wa kushoto. Hospitali walimlaza mwezi mzima, na Ijumaa iliyopita wakamrudisha nyumbani. Daktari alimwita mkewe, Margareta, akamwambia kwa upole kwamba dawa ya kumponya haipo. Alimpa chupa ya dawa chungu ya kutuliza maumivu, kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Akasema mgonjwa ageuzwe mara kwa mara asipate vidonda mgongoni, na watu wake wamchangamshe, wasimwache peke yake.

Kwa jambo hilo la mwisho Margareta hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Kasimiri si yupo?

Lakini Kasimiri hakuwapo, maana alikuwa amefunga. Jumatano ya Majivu, Mwalimu Gozbert, katekista wao, aliwaambia watu wazima wa darasa la dini kwamba kila mmoja achague kitu anachokipenda kuliko vyote, amtolee Mungu mpaka Pasaka. Mmoja akaacha kunywa tembo, mwingine kula nyama. Kasimiri alijipekua moyoni kwa unyofu kabisa, akaona kwamba kitu kitamu kuliko vyote maishani mwake ni kumsema Polikarpo. Akasimama mbele ya wote, akatamka kwamba anaacha utani. Watu walimpigia makofi. Kwa kuwa hakuuamini mdomo wake, tangu siku hiyo hakwenda tena hospitali. Alimpa Margareta machungwa ampelekee mgonjwa.

Ijumaa ile Polikarpo aliporudishwa, Kasimiri alikwenda kumwona. Alivua kofia mlangoni, akasogea kitandani kwa kunyata, akainamisha kichwa, akasema, "Pole sana, ndugu yangu Polikarpo. Mungu akujalie nguvu na subira."

Polikarpo alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akageuza shingo.

"Margareta," akaita, "mie nimekufa lini?"

Tangu hapo alikataa dawa. Alikataa kugeuzwa, akakataa na kuoshwa.

Ndiyo maana Jumatatu hiyo Margareta alimpokea Kasimiri mlangoni bila hata kuyatazama machungwa yake.

"Shemeji, siku ya tatu hii. Analia kwa maumivu, na chupa imejaa. Nikimletea kijiko anafunga mdomo kama mtoto. Anasema maiti hanywi dawa."

"Nitazungumza naye kwa upole, shemeji."

"Huo upole wako ndio unaomuua!"

Chumbani kulikuwa na joto. Polikarpo alilala chali juu ya kitanda cha kamba, amekunja uso, jasho limemtiririka mpaka shingoni. Mtu aliyekuwa akibeba magunia mawili kwa mkupuo sasa mikono yake ilikuwa myembamba kama mipini ya jembe. Alipomwona Kasimiri, macho yalimwaka kidogo.

"Karibu, Mngoni. Umekuja kuiba nini leo? Kuku tuliwaficha tangu tuliposikia harufu yako pale njia panda."

Kasimiri alihisi jibu likimpanda kooni, jibu zuri, nono, lenye kuku ndani yake na babu yake Polikarpo pia. Alilimeza. Lilishuka kwa shida kama kiazi kikavu.

"Asante, ndugu yangu," akasema. "Umeamkaje?"

"Kichwa chako kama chungu kilichoungua."

"Mungu akubariki."

"Miguu yako inanuka mpaka mbu wanahama Temeke!"

"Nitainawa, ndugu. Nashukuru kwa kunikumbusha."

Polikarpo alifumba macho. "Unaona, Margareta? Hata matusi hajibu. Daktari amekuambieni nini nyie? Siku mbili? Moja?"

"Polikarpo, nimekwisha kueleza," Kasimiri akasema. "Nimefunga utani. Ni Kwaresima."

"Kwaresima ngapi zimepita tangu tujuane? Mwaka juzi, Ijumaa Kuu, uliniita panya buku mbele ya Padri. Leo, mwaka ninaokufa, ndio umekuwa mtakatifu? Usinidanganye. Mngoni akishika adabu, jeneza limekwisha kupigwa misumari." Maumivu yakamkata maneno. Akashika mbao za kitanda kwa mikono miwili, akauma meno, na machozi yakamtoka pembeni mwa macho bila yeye kutaka.

Kasimiri hakuweza kutazama. Alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba, karibu na mtungi wa maji, akasali. Hakuwa mtu wa sala ndefu. "Bwana," akasema, "nilikupa kitu changu nikupendeze. Sasa mtu anaumia kwa ajili ya zawadi yangu. Nifanye nini?" Alingoja. Kuku wa jirani alipita na vifaranga vyake. Na hapo, katikati ya vile vifaranga, wazo lilimjia ambalo halikuwahi kumjia kabla. Utani ule, ulikuwa wake peke yake?

Alipanda baiskeli mbiombio kwenda kwa Mwalimu Gozbert.

Mwalimu Gozbert alikuwa Mhaya kutoka Bukoba, mrefu, msafi, mwenye miwani na kanzu iliyopigwa pasi. Alimsikiliza Kasimiri mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Kasimiri, neno ulilomtolea Mungu mbele ya darasa zima huwezi kulirudisha kama kofia iliyokubana. Mgonjwa anahitaji kuchangamshwa? Vema. Nitamchangamsha mimi."

"Wewe, Mwalimu?"

"Mimi nimefundisha watu kumi na wanne katika kijiji kimoja wakabatizwa siku moja. Nitashindwa na Mmwera mmoja?"

Walikwenda pamoja. Mwalimu aliingia chumbani, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," na Margareta na Polikarpo wakaitikia, "Milele, amina." Akavuta kigoda, akaketi, akaifuta miwani yake. Akakohoa. Ilionekana wazi kwamba anatafuta pa kuanzia.

"Polikarpo," akasema kwa sauti ile ile anayosomea Injili, "wewe ni mfupi."

Polikarpo alimkodolea macho.

"Tena," Mwalimu akaendelea, "masikio yako si mazuri."

Polikarpo alijiinua kwa kiwiko, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Ijumaa. "Mwalimu! Nimekukosea nini?"

"Nakutania."

"Unanitania kwa ukoo gani? Wahaya na Wamwera walipigana wapi? Hebu niambie mwaka!" Akamgeukia mkewe. "Margareta, umemsikia? Katekista amekuja kunitukana kitandani pangu! Kamwite jumbe. Nitamshtaki huyu kabla sijafa."

"Samahani sana," Mwalimu akasema, uso umemwiva. "Nilidhani maneno ni yale yale, akisema yeyote."

"Akisema Mngoni ni dawa. Ukisema wewe ni matusi."

Margareta alijifunika uso kwa khanga, na mabega yake yalitikisika. Haikujulikana kama analia au anacheka; labda yote mawili, maana yeye ndiye aliyekuwa amekesha siku tatu.

Kasimiri alipiga magoti sakafuni, mbele ya Mwalimu.

"Mwalimu, tulipokuwa darasani ulituambia kila mtu atoe kitu chake. Mie nilitoa utani. Lakini utani si wangu. Nusu ni wa Polikarpo. Nimemtolea Mungu mali ya mwenzangu, tena bila kumwomba ruhusa."

Mwalimu Gozbert alimtazama Polikarpo aliyerudi kulala akihema, akaitazama na ile chupa dirishani, imejaa mpaka shingoni. Alikuwa mtu mkali, lakini hakuwa mtu wa kushindana na jambo lililo wazi.

"Basi hukufunga, Kasimiri," akasema taratibu. "Ulikosea tangu mwanzo, na kosa ni langu vilevile kwa kutokuuliza. Mrudishie mwenzako mali yake. Lakini Kwaresima haiwezi kupita bure. Kuna kitu gani kilicho chako peke yako?"

Kasimiri alikuwa anakijua kitu hicho, na alitamani asingekijua. Polepole, kama mtu anayejing'oa jino, alitia mkono mfukoni akatoa kikopo chake cha ugoro. Alikinusa kwa mbali mara ya mwisho, akamkabidhi Mwalimu.

"Mpaka Pasaka," akasema kwa huzuni.

"Mpaka Pasaka," Mwalimu akasema, akakitia katika mfuko wa kanzu.

Kasimiri alisimama. Akavaa kofia yake, tena akaiinamisha upande. Akasogea kitandani kwa kishindo, si kwa kunyata, akashika kiuno.

"Wewe Mmwera," akasema, "panya buku mzee usiye na mkia. Nimevumilia siku ishirini, sasa nisikilize. Hapo ulipo unajifanya unakufa ili usinirudishie msumeno wangu. Tunawajueni tangu zamani! Babu yangu alipofika kwenu, babu yako alipanda juu ya mkorosho akakaa huko siku nne, akashuka usiku kuomba maji kwa adui. Na ukoo wenu mpaka leo mkisikia filimbi mnatazama juu kutafuta tawi!"

Polikarpo alifumbua jicho moja. "Alikuwa anachuma korosho."

"Mwezi wa nne? Korosho za mwezi wa nne?"

"Alikuwa anaziwahi!"

Akacheka. Kicheko kilimuuma tumboni, akashika ubavu, akaendelea kucheka, huku akisema, "Ala! Ala! Mngoni amerudi! Kumbe niko hai!" Margareta alikwisha kumimina dawa kijikoni, na mdomo wa mgonjwa ulipofunguka kucheka, Kasimiri alikichukua akakiingiza.

"Meza, mtumwa. Nguvu zako bado zina kazi kwangu."

Polikarpo alimeza, akakunja uso. "Chungu kama mapishi ya kwenu Songea."

Baadaye, dawa ilipoanza kumlegeza, alikubali kugeuzwa. Kasimiri alipitisha mikono chini ya mabega yake, Mwalimu Gozbert akakunja mikono ya kanzu akashika miguu, wakamlaza ubavuni juu ya jani bichi la mgomba ili ngozi ipate ubaridi. Kasimiri alimwosha kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Alimwosha polepole sana, na wakati wote huo alikuwa akimtukana: mgongo kama ubao wa kufulia, makalio yaliyohama bila kuaga. Margareta alimenya chungwa, akawa anamdondoshea maji yake ulimini. Mwalimu alianza Salamu Maria kwa sauti ya chini, na kati ya fungu moja la rozari na jingine Kasimiri aliingiza tusi moja dogo. Mwalimu alijifanya hakulisikia.

Rozari ilipokwisha, Polikarpo alisema bila kugeuka, "Mngoni."

"Sema, panya."

"Ijumaa niliogopa. Si kufa. Padri alikwisha kunipaka mafuta, mie na Mungu tumeelewana. Niliogopa kwamba utanizika hivyo, kofia mkononi, ndugu yangu huku, ndugu yangu kule. Kama tajiri asiyejulikana na mtu." Alipumzika kidogo. "Nataka ahadi kwamba utanizika kwa utani. Mbele ya hawa."

Kasimiri alikamua kitambaa ndani ya karai, akakikamua tena ingawa kilikuwa kikavu. Hakujua kama siku hiyo ya mazishi sauti yake itatoka. Aliogopa kwamba atalia kama mtoto mbele ya Wamwera wote wa Temeke, na ahadi hii ilimwogopesha kuliko ile ya Jumatano ya Majivu. Margareta alimtazama. Mwalimu alivua miwani.

Kasimiri alisimama wima katikati ya chumba, akainua mkono wa kulia, akatamka kwa nguvu mpaka jirani akachungulia dirishani:

"Mie Kasimiri, Mngoni wa Peramiho, mbele ya shemeji Margareta, mbele ya Mwalimu Gozbert na mbele ya Mungu, naahidi. Siku hiyo nitaingia kaburini kabla yako. Nitalala chali humo nikisema shimo hili ni la Mngoni, Mmwera akatafute mkorosho wake. Sitatoka mpaka Wamwera wote wapige magoti na kuniletea jogoo. Nikilia, nitalia huku nakutukana. Na nikishatoka, nitakushusha mwenyewe kwa mikono hii, taratibu, bila kuugandamiza ubavu wa kushoto, maana najua ndio unaokuuma."