Dirisha la Mama Kijakazi

Scholastika, afisa utumishi mpya katika ofisi ya leseni za biashara pale Kariakoo, alipewa kazi moja: atafute kwa nini watumishi wamelegea. Waliomtangulia walitoa barua za onyo. Yeye aliongeza swali moja kwenye fomu ya tathmini: "Unajua nini ambacho hatujawahi kukuuliza?"

Wengi waliliacha tupu. Mama Kijakazi, mhudumu aliyebeba mafaili na chai kwa miaka ishirini na miwili, aliandika: "Naongea na viziwi."

Scholastika akamwita. "Shikamoo, mama. Hili ni kweli?"

"Marahaba, mwanangu. Mdogo wangu alizaliwa hasikii. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake."

"Mbona hukusema siku zote?"

"Nimwambie nani? Mhudumu anaulizwa chai iko wapi."

Jumatatu wakaja viziwi watatu, wauza mikoba wa Mtaa wa Kongo. Robert, karani wa dirishani, alikwisha kuwarudisha mara nne kwa kuwa hawakuelewana. Scholastika akamwita Mama Kijakazi. Mama akatua sinia, akainua mikono.

Vile vidole vilipaa, vikagongana, vikauliza, vikatania. Uso mzima ulisema. Wale watu wakamjibu kwa pupa, kama waliobanwa pumzi mwaka mzima. Foleni nzima ikasogea kutazama. Hata Robert, mtu wa kufoka, alibaki kalamu mkononi, mdomo wazi. Kumbe fomu zao zilikosa mhuri wa serikali ya mtaa tu.

"Mungu wangu," Scholastika akanong'ona. Miaka yote hiyo mwanamke huyu amepita hapa na birika!

Kumhamishia dirishani hakukuwa lelemama. Muundo wa utumishi ulidai cheti asichokuwa nacho. Barua zilienda zikarudi miezi mitano, ndipo kibali kikatoka. Robert, bila kuamrishwa, aliomba afundishwe. Siku hizi anawahi kazini kujifunza herufi za vidole, na hafoki tena. Viziwi wanakuja hadi kutoka Mbagala.

Juzi mmoja wao alimtazama Scholastika, akajigusa shavu mara mbili.

"Anasemaje, mama?"

"Kakupa jina la ishara. Mwenye kishimo shavuni. Hawampi kila mtu, ujue."

Scholastika akainua mkono, taratibu, akajigusa shavu.