Kadi Begani

Bitutu alikuwa akifunga mzigo wa pili hodi ilipobishwa. Mellen, binti yake, akafungua mlango. Mbele yake alisimama msichana wa rika lake, sketi imelowa, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kisigino kimeng'oka.

"Naitwa Chepkemboi, natoka Chepseon. Ofisi kuu ni njia gani? Nachelewa intavyuu ya kompyuta."

"Si ni Ijumaa?"

"Ni leo, saa nane! Walitangaza redioni juzi."

Mellen aliitazama redio yao. Betri zilikuwa zimekufa tangu mwezi uliopita.

Miaka kumi na tisa Bitutu alichuma chai, hadi mgongo ukakataa. Kazi ikiisha, nyumba ya kambi ya wafanyakazi hurudishwa. Walipaswa kutoka Jumamosi. Lakini kampuni ya kompyuta kutoka Nairobi ilikuwa ikifungua ofisi pale shambani, na wafanyakazi wake wangepewa nyumba papo hapo kambini.

"Mungu akibariki hicho kisigino," Bitutu alisema, akimvisha mgeni gambuti zake za kuchumia chai. "Haya, kimbieni!"

"Dada, kurudi sitaijua njia," Chepkemboi alisema wakiwa barabarani.

"Atakayemaliza kwanza atamngoja mwenzake. Naahidi."

Ndani ya ofisi, Bwana Omwenga wa kampuni ya kompyuta alimwekea Mellen rundo la kadi zenye matundu. "Hizi ndizo chakula cha mashine. Iliyokunjika au kupasuka huikwama kooni. Toa mbovu zote. Dakika tano."

Mellen alianza polepole, kisha mikono ikakumbuka kazi yake ya kila likizo ya shule, kuchuma chai na mama. Macho yalichagua, vidole vya mikono miwili vikanyakua, na kila alichokishika akakirusha nyuma ya bega, kikapuni.

Kikapu hakikuwapo. Aliposikia kicheko, aligeuka akaona kadi zimetapakaa sakafuni, moja imetua juu ya kofia ya Bwana Omwenga iliyokuwa kitini. Alitamani ardhi immeze.

Bwana Omwenga aliinama akaziokota, akazihesabu mara mbili. "Thelathini na moja. Zote mbovu, wala hujabakiza hata moja. Ila dada, hapa tutakununulia kikapu."

Kisha akamsomea haki zake: likizo yenye mshahara, matibabu, nyumba ya mfanyakazi pamoja na mume na watoto wake. "Una swali?"

"Mama je?"

"Una mume?"

"Sina."

"Basi nafasi yake iko wazi. Nitaandika mama."

Mellen alitoka nje akiwa mwepesi kama unyoya. Lori la chai lilikuwa likinguruma langoni, la mwisho siku hiyo, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye michai.

"Panda, binti!" dereva Ratemo aliita. "Ama unataka kutembea maili tatu na mvua hii inayokuja?"

Jinsi alivyotamani kuuona uso wa mama! Alitazama mlango wa ofisi. Chepkemboi alikuwa bado ndani, na gambuti zake za kuazima.

"Nenda tu, mzee. Mwambie mama afungue mizigo."

"Habari tamu hivyo niipeleke mimi?"

"Ipeleke wewe."

Lori likaondoka. Mellen akajibanza chini ya paa, matone ya kwanza yakimpiga miguuni, akangoja.