Rasi ya Halvard

Ukungu ulipolala juu ya Ziwa Superior, wavuvi walizima injini wakatega sikio. Walikuwa wakisubiri sauti ya mama yangu iwaonyeshe ufuo.

Kila jioni alisimama kwenye ncha ya rasi, shali kichwani, akaita, "Halvaaard!" Halvard alikuwa baba. Novemba moja alikwenda kuvuta nyavu zake za samaki aina ya heringi. Dhoruba ikairudisha mashua, yeye ikabaki naye. Nilikuwa msichana mdogo. Watu walidhani barafu ikiyeyuka mama naye atachoka. Hakuchoka.

"Ragna, chunga koo lako," jirani yetu Einar alimtania akishusha samaki. "Ukinyamaza wewe, sisi tutatua ng'ambo, Kanada!"

"Basi oeni wanawake wenye sauti," mama akamjibu, wala hakucheka.

Wavuvi wakalizoea lile jina. Wakawa wanasema, "Upepo umegeuka pale Halvard," "Tukutane Halvard." Baba akawa mahali. Lakini nyumbani hatukumtaja kabisa. Mama alikula amenipa mgongo, macho dirishani, nami nikajifunza kutafuna bila sauti.

Nilikuwa nimeshaolewa mjini Duluth serikali ya jimbo ilipotaka ufuo wote uwe hifadhi. Majirani waliuza, wakahama, hata Einar. Mama akabaki peke yake na nyumba tupu kushoto na kulia, akimwita mtu mahali ambapo hapakuwa tena na mvuvi wa kumsikia.

Siku alipokuja ofisa wa mwisho wa serikali kumwomba auze, nilikuwepo. Alikuwa mpole, kofia mkononi. Akaeleza kwamba hifadhi itapewa jina la seneta mmoja wa zamani.

"Aliwahi kufika hapa?" mama akauliza.

"Sidhani, mama."

Mama akammiminia kahawa. "Hapa pana mwenyewe. Andikeni Halvard, nami nitatoka."

"Nitawaambia. Ila watu watauliza, huyo Halvard alikuwa nani?"

Mama akaweka birika chini. Nami nikangoja, maana hata mimi sikuwahi kuambiwa.

"Mwanamume aliyechelewa chakula," akasema.

Walikubali. Hifadhi ilifunguliwa kiangazi kilichofuata, kwa tarumbeta na hotuba. Wageni kutoka Minneapolis walipiga picha kando ya kibao chenye jina la baba. Bibi mmoja mwenye miwani ya jua akamuuliza mama kama Halvard alikuwa jenerali.

"Ndiyo," mama akasema. "Mkali sana."

Watu wakatawanyika, jua likaanza kushuka, saa yake ya kuita. Nilimwona akiyatazama maji, nikamshika mkono.

"Tukae kidogo, mama?"

"Hapana. Nasikia baridi. Twende kwako."

Garini alivua viatu, akauliza kama sokoni kwetu kuna viazi vizuri. Barabara ilipoliacha ziwa, hakugeuka. Niliyegeuka ni mimi.