Mafungu Kumi na Moja

Wewe ukichambua ndengu, mawe unayatoa kwa mkono gani? Kavata wa Matinyani huyatoa kwa wa kushoto. Panya wa stoo ya kikundi, waliomtazama misimu mitatu, nao huyatoa kwa wa kushoto.

Msimu huu mwenyekiti Mutunga alitaka kila mtu alete mbegu, zichanganywe kwenye pipa moja, ati ndio umoja. Kavata alileta ndengu za marehemu mama yake, ambaye mpaka leo anamwita mwaitu: ndogo ndogo, zinazovumilia jua, zilizokaa na majivu ndani ya kibuyu juu ya meko. Akazimwaga. Alijuta kabla hazijatulia, lakini maombi ya kufunga mkutano yalikuwa yameshaanza, na huwezi kumkatiza pasta.

Asubuhi ya kugawana, wanawake walikuta kifuniko cha pipa kimefunguliwa na kulazwa chali sakafuni, vizuri. Panya walikuwa wametandika turubai na kupanga ndengu mafungu kumi na moja, kila mtu lake. Juu ya kila fungu waliweka alama ya mwenyewe: kwa Ndila, kifungo cha sweta yake, kwa Muthoki, uzi wa kiondo anachosuka, kwa Kavata, gunzi lililokuwa kizibo cha kibuyu. Fungu la kumi na moja lilikuwa kokoto tupu, na juu yake kifuniko cha kalamu ya Mutunga.

"Wamefanya safi," alisema Ndila. "Na hii yako, mwenyekiti, huchemshwa siku ngapi?"

Muthoki alicheka kidogo, akaacha.

"Panya si wanachama," alisema Mutunga. Alichukua beleshi, akarudisha yote kwenye pipa pamoja na kokoto zake, akakoroga. Kisha akapima kwa gorogoro, kopo la kilo mbili, akianza na zake mbili, kama kawaida ya mwenyekiti. Wengine wakapanga foleni.

Kavata alipokea gorogoro yake moja. Mvua ilitarajiwa Ijumaa. Akaketi mlangoni na ungo, akaanza kuchambua. Panya mmoja akashuka kutoka kwenye boriti, akaketi upande wa pili wa ungo, wakaendelea. Kokoto, ndengu, kokoto. Za mwaitu walipata saba.

"Mama Muindi, kuna shida?" Mutunga alimuuliza Kavata, akifunga stoo.

Siku zote Kavata husema hakuna.

"Nilitaka za mwaitu," alisema. "Zote."