Utando wa Jicho

Fundi viatu hakuwahi kumpenda yule nyoka aliyefugwa na bintiye, wala hakuficha. Alimwita Mshipi, na kila alipopita alimtania binti kwamba ngozi ile ingetoa pochi mbili na mkanda wa saa. Lakini jiko lilipomlipukia binti na kumuunguza mikono, mzee wa watu akajikuta yaya wa chatu. Mama mtu alikuwa ametangulia mbele za haki. Nyumbani walibaki wao wawili, na huyo kiumbe kwenye sanduku lake la kioo.

Maagizo aliyapata hospitalini, kando ya kitanda.

"Akijivua gamba vibaya, baba, lowesha taulo kwa maji ya uvuguvugu, mviringishie, umwache apenye mwenyewe. Kipande kikigoma, usivute. Na macho usiyaguse kabisa, hata iweje."

"Nimekusikia, mama."

Kweli akajivua vibaya, maana fundi alisahau kujaza bakuli la maji na sanduku likakauka kau. Gamba lilitoka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani. Fundi akalowesha taulo kama alivyoambiwa, na vya mgongoni vikaachia. Kwenye jicho moja ukabaki utando mweupe, umeinuka pembeni kidogo.

Kesho yake binti alikuwa anaruhusiwa. Fundi alitaka, Mungu anajua, akute kitu kimoja kizima katika nyumba ile. Na mtu aliyezeekea kwenye ngozi hawezi kuona ncha imeinuka akaiacha. Akachukua kibanio chake cha kazini. Vidole havikumtetemeka hata kidogo, ndiyo maana akaviamini, mpumbavu yule. Akavuta.

Utando haukutoka peke yake; ulikuja na nyama ya jicho.

Binti aliporudi alimwendea nyoka kabla hata ya kukaa. Aliinama mbele ya kioo, mikono imefungwa bandeji hadi viwikoni, akamtazama kwa muda mrefu.

"Uliuvuta, baba?"

"Nilitaka umkute mzuri."

Hakumgombeza. Laiti angemgombeza! Alilia tu kimya kimya, na machozi hakuweza kuyafuta. Baba alipotoa leso amfute, akageuza uso.

Jioni ikafika saa ya kubadilisha bandeji. Wauguzi walikuwa wamemfundisha fundi vizuri: zile zilizogandia kidonda ziloweshwe kwanza, zisubiriwe, zisivutwe. Akanawa kwa sabuni mara mbili, akaleta beseni la maji yaliyochemshwa na kupozwa, akasogeza kigoda karibu na bintiye.

Binti aliitazama mikono ya baba yake. Kisha akarudisha yake kifuani.

"Acha tu, baba," alisema kwa upole. "Nitamngoja shangazi."

"Shangazi yako hafiki mpaka kesho, mama. Na zinakuuma."

"Zinauma, ndiyo. Nitamngoja."