Ng'ombe wa Ochoki na Kanda ya Ukungu

Ijumaa saa kumi alasiri, Doa alianza kuchuruzika maziwa bila ndama, bila ndoo, bila mkono wa mtu, na Ochoki akajua kwamba hapa ama ng'ombe amelogwa, ama ni yeye.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, redio yake ndogo ya sola ikiwa juu ya ukuta wa zizi, akisikiliza Vijana wa Kiabonyoru. Basi. Hakuna dawa, hakuna uchawi. Mtu na muziki wake.

Kuna kupenda bendi, na kuna kupenda kwa Ochoki. Mzee huyu mkulima wa majani chai, mshiriki wa Sabato, mtu wa kunyamaza kwenye mikutano, alikuwa akiwapenda Vijana wa Kiabonyoru tangu hajaota ndevu. Alijua nani alipiga gitaa la pili na nani alifukuzwa kwa ulevi. Juzi tu alikuwa ameshuka Kisii mjini, kwenye duka la vitambaa la marehemu Chandulal. Siku hizi duka lina mjukuu wake, Nishant, kijana anayeuza simu upande mmoja na kuwahamishia wazee nyimbo za kanda kwenye flashi upande wa pili. Nishant hakuchagua. Alimtilia Ochoki kila kitu cha Vijana wa Kiabonyoru, mpaka ile kanda ya Ukungu.

Ukungu! Hiyo ndiyo kanda iliyowagawa watu wa Nyamira mwaka wa tisini na nne. Makori, kiongozi wa bendi, alikuwa amezunguka ng'ambo akipiga muziki kwenye meli za watalii, akarudi na masikio mapya. Watu walingoja muziki wa kucheza harusini. Wakapewa obokano, kinubi cha wazee, ikiongozana na ngoma ya Mhindi iitwayo tabla, filimbi isiyojulikana ni ya nchi gani, mvua ikipiga mabati, na wimbo wa mwisho usio na hata neno moja, mwanamke anavumisha tu sauti, mmmh, mmmh, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Watu waliudhika. Ochoki aliudhika kuliko wote, kwa sababu anayekupenda ndiye hukasirika zaidi. Aliisikiliza mara moja, akaitupa kabatini. Miaka thelathini ikapita.

Sasa Ijumaa hii aliiacha icheze kwa uvivu tu wa kuinuka. Na jambo la kwanza lililomchanganya ni kwamba ilikuwa nzuri. Alikuna kichwa. Ile tabla aliyoitukana iliingia chini ya obokano taratibu, na filimbi ikapita juu yao, na Ochoki akaona kabisa milima ya Manga asubuhi, kabla jua halijaamua. Alijisikia mjinga. Ni kanda iliyobadilika au ni yeye?

Ndipo ukaja ule wimbo wa mwisho, na Doa akaacha kucheua. Akasimamisha masikio. Akalia mara moja, polepole, kama anayeitikia, na maziwa yakaanza kudondoka kwenye saruji, to, to, to.

Ochoki akazima redio. Maziwa yakakata. Akawasha. To, to, to. Akaweka wimbo mwingine wa bendi ileile: hakuna. Akaweka taarifa ya habari: Doa akamgeuzia makalio. Akarudisha ule wa mwanamke, na ng'ombe akasogea ukutani mpaka pua ikagusa redio.

“Ee Nyasae, Mungu wangu,” Ochoki akasema.

Sasa elewa jambo moja kuhusu Doa. Ng'ombe huyu hakamwi na mtu ila Nyakerario, mke wa Ochoki. Mwaka jana Nyakerario alipokwenda matangani Nyaramba, jirani yao Alfayo alijitia ushujaa akaingia na ndoo, akatoka bila ndoo na bila kiatu kimoja. Wanakijiji husema mama huyo ana dawa. Ochoki hakuwahi kuiona hiyo dawa. Kila alipoingia zizini wakati wa kukama alimkuta mkewe kimya, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, na maziwa yanashuka.

Kila alipoingia, kimya. Na asipoingia je?

Akaisikiliza sauti upya, safari hii sikio limebanwa kwenye spika. Ilikuwa sauti ya msichana, nyembamba kidogo mwanzoni, halafu inateremka na kupanuka. Haiwezekani. Nyakerario haimbi! Ulimwengu mzima unajua. Kanisani hufungua mdomo na kuufunga tu. Mabinti wa kwaya walishachoka kumbembeleza. Mke wangu, Ochoki alikuwa akiwaambia watu, Mungu alimpa mikono, sauti akampa mwingine.

Na kama ni yeye, alifikaje kwa Makori? Makori yule, mwenye kofia ya pembeni na meno ya dhahabu, ambaye akina mama walikuwa wakimwita shemeji na akina baba wakimfungia mageti? Mwaka huo Ochoki na Nyakerario walikuwa na miaka miwili ya ndoa, na mtoto wao Mokeira alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mokeira. Yaya, hapana, mtoto si wa Makori! Ochoki aliisukuma fikra hiyo mbali, nayo ikarudi na kukaa palepale.

Jioni Nyakerario akarudi kutoka kituo cha kupimia majani, kikapu kitupu mgongoni. Akaona saruji imelowa.

“Nani amemwaga maziwa?”

“Sijui,” Ochoki akasema, na kwa kweli hakujua.

Mkewe akamtazama ng'ombe. Akaitazama redio juu ya ukuta. Akafuta mikono kwenye leso yake muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

“Funga hiyo redio, Baba Mokeira. Jua linazama, Sabato inaingia.”

Loo, Sabato ile! Sabato haina muziki wa dunia, haina safari za mjini, haina mambo ya kuchunguza wake za watu, hata akiwa ni wako. Ochoki alikaa kanisani na swali tumboni kama aliyekula ugali mbichi. Mhubiri alihubiri, hakusikia. Wimbo ulipoanzishwa, akainamisha kichwa kidogo kidogo kuelekea kwenye mdomo wa mkewe, akitafuta japo pumzi yenye sauti. Midomo ilikwenda. Sauti hakuna.

“Unaumwa sikio?” Nyakerario akamnong'oneza.

“Hapana.”

“Basi simama wima, watu wanatazama.”

Angeweza kumuuliza. Kuuliza si ujinga, tunafundishana hivyo tangu utotoni. Lakini mtu huuliza akiwa tayari kwa jibu lolote, na Ochoki alikuwa tayari kwa jibu moja tu, na hakulijua ni lipi. Akila chakula, anamtazama. Akimtazama, anaona mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na zaidi, ambaye anamjua mpaka anavyopenda chai yake, na ghafla hajui hata ni mangapi asiyoyajua juu yake. Usilolijua ni usiku wa giza, na Ochoki alipapasa siku nzima mchana kweupe.

Jumapili asubuhi akashuka Kisii. Duka la Nishant lilikuwa wazi nusu mlango.

“Mzee Ochoki! Flashi imeharibika?”

“Flashi ni nzima. Mimi ndiye nimeharibika. Ukungu ilirekodiwa wapi?”

Nishant akacheka. “Hapa hapa, stoo ya nyuma. Babu alikuwa anasema marobota ya vitambaa yanakula mwangwi kuliko studio za Nairobi. Ile tabla ni yake. Lakini mimi sikuwa nimezaliwa. Muulize Ba.”

Ba ni nyanyake, Mama Chandrakala, mjane wa Chandulal, ambaye kila asubuhi huketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta akichambua dengu. Ochoki akamsalimia kwa heshima, akauliza kuhusu ule wimbo wa mwisho. Yule mwanamke ni nani?

“Eeh, yule mama ya mtoto,” Chandrakala akasema papo hapo, mikono bado ndani ya dengu. “Hiyo siku mvua ilikuwa kubwa sana. Mabati inapiga kelele, wanaume wote wameacha kazi, wanakunywa chai, mashine wamesahau, inazunguka tu. Yeye alikuwa ametoka hospitali na mtoto, anajificha mvua kwa veranda. Mimi nikamwambia ingia ndani. Nikampa taulo. Mtoto analia, analia. Basi yeye akafanya hivi, mmmh, mmmh. Mtoto akanyamaza. Makori akaweka kidole kwa mdomo, mtu asikohoe.”

“Makori alikuwa anamjua?”

“Makori? Hata jina hakujua. Aliomba baadaye, mama, hii sauti tuweke kwa kanda? Akasema weka, lakini jina yangu usiandike.” Mama Chandrakala akacheka mpaka dengu zikarukaruka. “Akasema, mume yangu ni wazimu wa hii bendi. Nitamnunulia hiyo kanda. Akisikia, atajua mwenyewe. Mimi nataka kuona uso yake tu. Na kweli alirudi kununua. Mimi mwenyewe nilifunga na karatasi ya zawadi, ile ya maua.”

Ochoki alitakiwa kufurahi. Nyoka aliyekuwa amelala kifuani mwake tangu Ijumaa alikuwa ametoka. Mbona basi hakufurahi?

“Wewe ndiye bwana yake?” Chandrakala akauliza, akimtazama sasa kwa makini, macho yanang'aa kama ya msichana. “Sasa nimengoja miaka mingi. Sema. Ulifanya uso gani?”

Uso Ochoki aliufanya, na sasa aliukumbuka.

Ilikuwa jioni, sebuleni, marafiki wamejaa, Alfayo akiwemo. Karatasi ya maua imechanwa, iko sakafuni. Nyakerario amesimama na birika mkononi, hajakaa, anangoja kitu, naye Ochoki alidhani anangoja vikombe. Wimbo wa mwisho ukaanza, mmmh, mmmh, na Ochoki, aliyekwisha kukasirishwa na tabla na filimbi, akapiga kofi kwenye goti na kusema kwa sauti: “Na huyu ng'ombe nani amemfungia studio? Mrudisheni kwa ndama wake!”

Watu walivunjika mbavu. Alfayo alitema chai. Utani ule ulizunguka soko la Kebirigo mwezi mzima, na Ochoki alijivunia. Nyakerario naye alicheka. Hilo alilikumbuka vizuri kuliko yote: alicheka pamoja nao, kisha akainama kumimina chai, na hakuna kikombe kilichomwagika.

Akaondoka dukani bila kuaga vizuri. Njia nzima mpaka nyumbani alijaribu kukumbuka kama mkewe alikuwa akiimba kabla ya jioni ile. Alikuwa akiimba? Jikoni? Shambani, kwenye majani? Hakukumbuka. Labda aliimba kila siku na yeye hakuwa akisikiliza. Alishindwa hata kujua ni kipi kibaya zaidi.

Alifika saa ya kukama. Nyakerario alikuwa zizini, ndoo katikati ya magoti, anamkanda Doa kiwele kwa maji ya uvuguvugu. Hakugeuka.

“Umetoka Kisii,” akasema.

“Ndiyo.”

“Mama Chandrakala hajambo?”

“Hajambo.” Ochoki akashika nguzo ya zizi. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalikuwa yamemtoroka, likabaki moja tu, tena baya. “Kwa nini hukuniambia?”

Nyakerario akakausha chuchu moja moja kwa kitambaa.

“Nilikuletea kanda, Ochoki. Ulitaka nikuambieje tena?”

Hakumwita Baba Mokeira. Alimwita jina lake, kama zamani za uchumba, na Ochoki hakujua kama hilo ni zuri au ni baya. Akafungua mdomo, akaufunga, kama mkewe kanisani. Nyakerario akaanza kukama. Akavuta, akavuta. Ndoo ikabaki kavu. Doa akamgeukia Ochoki, akampiga jicho, akapiga na kwato.

“Nisamehe,” Ochoki akasema.

“Toka nje. Umemzuia maziwa.”

Akatoka. Akaketi kwenye kreti iliyopinduliwa nyuma ya ukuta wa zizi, mgongo kwenye mbao, kichwa mikononi. Ndani kulikuwa kimya. Kimya kikarefuka mpaka akaanza kufikiri kwamba sasa amemnyang'anya mkewe hata ng'ombe, kwamba sauti aliyoiacha hai kwa bahati miaka yote hiyo, leo ameimaliza kwa kuijua.

Kisha ikaanza. Mmmh. Nzito kidogo kuliko ile ya kwenye kanda, imekwaruzwa na miaka, lakini inateremka palepale na kupanuka palepale. Maziwa yakagonga ndoo. Ochoki hakuthubutu kusogeza hata mguu. Hakujua kama amesamehewa, hakujua kama anaruhusiwa kusikia, wala hakujua ni nani anayeimbiwa. Alichojua ni kwamba mdomo wa Nyakerario ulikuwa karibu kabisa na ubavu wa Doa, na ng'ombe aliye karibu hivyo haimbiwi kwa sauti kubwa namna ile, ya kuvuka ukuta.